Barua ya Kufunga Muhula: Ripoti na Kazi ya Likizo

Wapendwa wazazi na walezi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Leo tunafunga muhula wa pili. Ndani ya bahasha hii mtakuta ripoti ya mtoto, tarehe ya kufungua shule Januari na salio la mchango wa chakula. Ripoti isomeni mkiwa na mtoto mwenyewe, msingoje alale. Ambao hesabu imewasumbua, walimu wao wameandika pa kuanzia.

Lakini nina jambo ambalo kwenye ripoti halina nafasi.

Mwezi wa nane nilikuwa getini asubuhi, napokea wachelewaji. Mtoto wa Darasa la Tano akaingia nusu saa baada ya kengele. Nikamtuma kuokota taka bila kumwuliza lolote. Wakati wa mapumziko mwalimu wa Darasa la Kwanza akanieleza: yule mtoto alimkuta mdogo wetu mmoja njiani analia, kiatu kimeachia soli. Akakifunga kwa kamba ya katani, wakaja pamoja kwa mwendo wa yule mdogo. Nilimwita nikamwomba radhi. Kesho yake nikamwomba tena mstarini, kwa kuwa adhabu nilimpa mbele ya wenzake.

Tangu siku hiyo, kwenye kipindi cha dini tumekaa sana na Marko sura ya 5. Binti wa Yairo, wa miaka 12, yu mahututi, na Yesu yuko njiani kwenda kumponya. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi la Yesu, naye Yesu anasimama. Umati unasukumana, wanafunzi wake wanashangaa, yeye anangoja mpaka mama yule ajitokeze na kueleza habari yake yote. Hapo hapo taarifa inafika kwamba binti amekwisha kufa. Watoto walinibishia: kwa nini hakuwahi? Mmoja akasema Yairo lazima moyo ulimwuma sana kusimama pale. Sikuwakatiza. Tuliendelea kusoma hadi nyumbani kwa Yairo, binti akainuka, na Yesu akakumbuka kusema apewe chakula.

Darasa la Sita nao wamekuwa wakienda kwa bibi mmoja wa jumuiya jirani. Mara ya kwanza walichota maji, wakafagia uwanja, na kabla ya dakika 20 wameshaanza kuaga. Bibi akawaambia, "Maji nimepata, asanteni wajukuu zangu. Sasa kaeni." Wakakaa wanatazamana, hawana la kusema. Leo wanayajua majina ya watoto wake wote, na binti mmoja amefundishwa kusuka ukili, vidole vyake bado vizito lakini mkeka unaonekana unakuja.

Kazi ya likizo ndiyo hiyo. Bikira Maria alipopata habari za Elizabeti alifunga safari hadi milimani, akakaa naye kama miezi mitatu. Sisi tunaomba saa moja kwa wiki. Mtoto achague mtu mmoja: mgonjwa, babu, jirani aliyehamia karibuni. Aende bila simu, akae, asikilize. Kupeleka sukari mlangoni na kurudi mbio hakutoshi. Hatutatoa maksi.

Najua wengi wenu mnatoka alfajiri na kurudi mmechoka, na wapo wanaolea peke yao. Siandiki kumlaumu yeyote. Ila nawasihi, hata jioni moja, mtoto akuone umeweka simu chini unamsikiliza mtu mpaka amalize. Mahubiri yangu ya mstarini hayafikii hapo.

Bibi ameniuliza kama wajukuu watakuja wakati wa likizo. Mnaoishi upande wa kisimani, tafadhali wapitisheni. Kila siku alasiri yupo barazani, na mkeka ule haujaisha.

Nawatakia Noeli njema.

Mwalimu Mkuu