Mtungi wa bibi umepata kazi mpya

Shoga yangu Zai,

Za Dodoma na huo upepo wenu? Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu. Huku Tanga tupo tu, joto na umeme wa kuja na kuondoka.

Picha ya ua lako la okidi nimeiona, nikacheka afu nikakuonea huruma. Majani yamekunjamana kama mchicha wa jana, na najua tu umeifunga kwenye kibao kikavu ukaenda zako safari ya kazi siku tano, dada umemwachia chupa ya kupulizia. Usimgombeze. Mi mwaka juzi niliua ya kwangu hivohivo, nimeenda harusi Pemba wiki nzima, mpwa wangu kaambiwa apulizie asubuhi na jioni, siku ya kwanza kapulizia kapiga picha kanitumia, basi ikawa imetoka hiyo.

Kibao si kibaya, mizizi inapata hewa, tatizo maji hayakai. Na hizi okidi za kuota mitini mizizi yake ina koti la nje jeupe kama sponji, ukiimwagia inafyonza palepale inageuka kijani, ikikauka inarudi nyeupe ya kung'aa kama sufuria. Ukiifukia kwenye udongo inakosa hewa inaoza, ukiiacha kwenye ubao mtupu kwa jua la Dodoma saa nne tu imeshakauka.

Sasa sikia. Ule mtungi wa bibi wa kwenye kona ya jikoni unaukumbuka, tulikuwa tukitoka madrasa tunagombania kata? Tangu friji iingie hakuna aliyeugusa. Siku moja nafagia nikaona alama ya duara sakafuni, nikakumbuka ulivyokuwa unatoka jasho kwa nje mpaka chini panalowa, nikasema mbona ninachokitafuta ndo hiki. Okidi unaifunga ubavuni kwa nje, ndani unajaza maji, yanapenya kwenye udongo kidogokidogo na mizizi inajichukulia, upande wa juu wote iko hewani.

Mara ya kwanza haukutoa jasho hata tone, yani umezeeka vitundu vimeziba. Nimeusugua na brashi na mchanga, nikauanika jua siku tatu, nikajaza tena, kufika jioni umeshaanza kuwa mweusimweusi wa unyevu. We ukinunua mpya angalia usiwe umepakwa rangi wala vanishi, ule wa mapambo maji hayapiti kabisa. Mwagia tone kwa nje, likinywewa chukua, likiteleza mrudishie mwenyewe.

Kati ya mtungi na okidi weka makumbi ya nazi, unene wa chapati usizidishe. Hapa ndo nilikosea, nilichukua kwa mzee mmoja anayesokota kamba, kumbe yale yalifukiwa pwani yalainike, yamejaa chumvi, wiki mbili ncha za mizizi zikawa nyeusi. Sasa hivi natumia ya nazi zangu za jikoni, naloweka siku tatu nabadilisha maji kila siku mpaka yaache kutoa rangi ya chai. Kufungia, chana soksi ndefu za nailoni vipande, zinavutika hazikati mzizi. Najua utasema Tanga kwenu katani tele, ni kweli ila kwenye unyevu inaoza kabla ua halijashika.

Halafu mbu jamani! Nimefungua kifuniko siku ya tano nikakuta viluwiluwi wanacheza, kumbe nafuga mbu sebuleni. Tangu hapo mdomo nafunga kwa kipande cha neti ndo naweka kifuniko. Na maji tumia ya mvua kama unayo, ya kisima yakiwa na chumvi yanaacha unga mweupe nje ya mtungi na mizizi inaungua. Mbolea usitie ndani kwa sababu hiyohiyo, koroga nyepesi sana upulizie mizizi mara mojamoja.

Wangu unaingia kama lita nne, hapa najaza kila siku ya sita. Huko kwenu na ule ukavu utajaza mapema zaidi, uweke barazani kwenye kivuli, upepo usiupige moja kwa moja.

Niliyoifunga ni Aerangis, zile nyeupe kama nyota zenye mkia mrefu nyuma, mchana hazinuki kitu, giza likiingia sebule yote inanukia maana zinawaita nondo, wale vipepeo wa usiku. Nimenunua kitaluni, wale wanaopitisha za kung'oa msituni Amani siwaungi mkono hata wauze bei ya nyanya. Ile kubwa ya madoa kama chui, Ansellia, niliyookota jirani alipokata mwembe, hiyo mtungi haiutaki, inapenda kukauka kabisa kipindi fulani, nimeiacha kwenye gogo lake na vimizizi vyake vilivyosimama juu kama miba vinadaka majani makavu.

Yangu sasa mizizi imeukumbatia mtungi, nimejaribu kubandua mmoja ukakatika. Kuna mwingine umezunguka nyuma sijui unaenda wapi.

Nimekupatia mtungi mdogo, nimeshausugua, unakuja na basi la ijumaa kwa konda. Nimeufunga kwenye ile kanga yangu ya kijani. Mtungi wako, kanga nirudishie.

Wako,
Mwanaidi