Barua kwa mwanangu: nani atasimama kwenye kona yako?

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatizana maneno, wewe unapandisha sauti na mimi napandisha yangu, kisha simu inakatika kabla sijafika nilipokuwa nakwenda.

Ijumaa ile barazani ulimwambia mjomba wako kwamba Mike Tyson wa mwaka 1988 hakuna binadamu ambaye angemshinda, awe wa zama zake au wa zama nyingine yoyote, na kwamba bondia akishakamilika namna ile, wanaosimama kwenye kona yake ni watu wa kushika ndoo tu. Mjomba wako alicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu siku mbili kabla yake nilikuwa nimesikia kwamba umeachana na mwalimu wako wa ngumi, na kwamba unakwenda Ujerumani kupigana huku watu wa kona yako wakitafutwa na promota hukohuko. Nilinyamaza mbele ya wageni. Sasa nimekaa peke yangu, na nataka niifuate hoja yako ya Tyson mpaka mwisho, maana imeninyima usingizi.

Nianze na pale ambapo una haki. Tyson alichukua mkanda wa ubingwa wa dunia Novemba 1986 akiwa na miaka 20, akimwangusha Trevor Berbick katika raundi ya 2. Januari 1988 alimmaliza Larry Holmes katika raundi ya 4, na Holmes huyo alipanda ulingoni mara zaidi ya 70 maishani mwake bila mtu mwingine yeyote kuwahi kummaliza kabla ya kengele ya mwisho. Juni mwaka huohuo, kule Atlantic City, Michael Spinks aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 31 alidumu sekunde 91. Sikatai hata moja katika hayo. Wewe uliyajua kabla hujajua kusoma vizuri, na aliyekufundisha uyajue ni mimi.

Lakini, mwanangu, wapo waliofika mwisho naye akiwa bado na nguvu zake zote, na hawa ndio unaowaruka kila mara. James Tillis alimaliza raundi zote 10 mwaka 1986. James Smith, yule waliyemwita Mvunja Mifupa, alimkumbatia raundi 12 mwaka 1987, pambano likawa baya la kutazama, lakini alishuka ulingoni kwa miguu yake. Tony Tucker, Agosti mwaka huohuo, alimpiga katika raundi ya 1 konde la kushoto kutoka chini likamrudisha nyuma, na wakafika wote raundi ya 12. Tyson aliwashinda wote kwa pointi, hilo ni kweli, ila walikwisha kuonyesha kwamba mtu mrefu, mwenye mkono wa kushoto ulionyooka na asiyeogopa kukumbatia, anaweza kumfanya Tyson aonekane mtu wa kawaida kwa dakika nyingi. Kama ngumi zingekuwa hesabu ya kujumlisha na kutoa, basi huyo Tucker alikuwa amemmaliza Buster Douglas miezi michache tu kabla ya kupigwa na Tyson, na kwa hiyo Douglas asingekuwa na haki hata ya kumkaribia Tyson. Nawe unajua kilichotokea: ni Douglas huyohuyo aliyekuja kumpiga Tyson.

Ukiniuliza mimi ni nani wa zama zake angemshinda Tyson akiwa kamili, jibu langu ni Evander Holyfield. Najua utasema Tyson aliyepigwa na Holyfield Novemba 1996 alikuwa mabaki, kwa kuwa alikwisha kukaa gerezani miaka 3. Nakubali kwamba hakuwa yule wa zamani. Hata hivyo Holyfield naye alikuwa na miaka 34, watu walikuwa wamekwisha kumzika, na miaka miwili nyuma madaktari walikuwa wamesema moyo wake una kasoro. Itazame tena raundi ya 1. Tyson anasukuma, na Holyfield anamsukuma arudi alikotoka. Kwa muda wote wa ubingwa wake Tyson alikuwa hajazoea mtu wa kumrudisha nyuma kwa kifua. Naamini Holyfield wa mwaka 1990 na Tyson wa 1988 wangefika raundi ya 12, na naamini Holyfield angeshinda, ingawa kwa hili la mwisho siwezi kula kiapo.

Wa zama nyingine nitapita haraka. Muhammad Ali wa miaka ya 60, kwa miguu ile, angemshinda. Kuhusu George Foreman, kumbuka tu kwamba alipofika Kinshasa mwaka 1974 kupigana na Ali alikuwa ameshinda mapambano 40 bila kushindwa, na watu walimsema yeye maneno yaleyale unayomsema Tyson, hata wapo wa upande wa Ali waliohofia kwamba Ali angetolewa pale amekufa. Ali alimwangusha katika raundi ya 8.

Sasa nifike Tokyo, maana huku ndiko nilikokuwa nakwenda siku zote kabla simu haijakatika.

Machi 1988 Tyson alipigana na Tony Tubbs katika ukumbi wa Tokyo Dome, akammaliza katika raundi ya 2. Februari 11, 1990 alirudi katika ukumbi uleule kupigana na Douglas. Mwili ulikuwa uleule, umri wake ulikuwa miaka 23 tu, umri ambao bondia wa uzito wa juu bado hajafika hata kileleni, na kule Las Vegas waliomwekea Douglas fedha waliahidiwa mara 42 ya walichoweka. Sisi Tanzania Bara hatukuwa na televisheni wakati huo, na redio siku ile ilikuwa na habari moja tu, ya Mzee Mandela kutoka gerezani. Mimi niliposikia kwamba Tyson amepigwa, nilidhani aliyeniambia amechanganya majina, na nikabishana naye mpaka nikamkosea adabu.

Kati ya safari hizo mbili za Tokyo kilichobadilika ni kona. Mzee Cus D'Amato, mwalimu wa ngumi aliyemchukua akiwa kijana wa kutangatanga akamlea nyumbani kwake Catskill, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1985. Lakini aliacha mtu, Kevin Rooney, aliyefunzwa na mzee huyohuyo, na Rooney alikuwa akimwitia makonde kwa nambari kutoka kwenye kona, nambari hii ya kichwa, nambari hii ya mbavu, naye Tyson anatii kama mtu anayesomewa. Mwishoni mwa 1988 Tyson alimfukuza Rooney. Mapema 1989, Frank Bruno alimyumbisha katika raundi ya 1, na kwa kuwa Bruno alimalizwa katika raundi ya 5, hakuna aliyejali. Kichwa kilikuwa kimeacha kuzunguka, Tyson anatafuta konde moja la kumalizia kazi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nenda ukaitazame tena kanda ile ya pambano la Douglas, usitazame makonde, tazama mapumziko. Jicho la kushoto la Tyson linavimba, linafunga. Kila kona duniani hubeba kile kipande cha chuma baridi cha kukandamizia uvimbe. Kona yake haikuwa nacho. Bingwa wa dunia, mtu wa mamilioni ya dola, wanamwekea jichoni glavu ya mpira waliyoijaza maji ya barafu, inateleza huku na huku kwenye shavu lake. Mwalimu wako chuma chake hukibeba ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na nimemwona kwa macho yangu akiifungua hiyo chupa mara tatu kabla ya pambano lako moja, kuhakikisha kwamba barafu haijayeyuka.

Kisha tazama upande wa pili. Douglas alikuwa amefiwa na mama yake wiki chache tu kabla, na kwenye kona yake alisimama mjomba wake. Katika raundi ya 8 aliangushwa, akainuka refa alipofika tisa, akaenda kwenye kona, akarudi katika raundi ya 9 mtu mpya. Katika raundi ya 10 Tyson yuko chini, anatambaa kwa mikono na magoti akitafuta kinga yake ya meno, anaipata, anaiuma kwa ncha, nusu nzima inaning'inia nje, na refa anamkumbatia, pambano limekwisha. Hilo ndilo jibu langu kwa hoja yako. Aliyemshinda Tyson ni Douglas, kwa mkono wake mrefu wa kushoto na kwa uchungu wake, na sitamnyang'anya haki hiyo. Lakini Douglas alikuta mlango umekwisha kufunguliwa kutoka ndani.

Nani atasimama kwenye kona yako? Nilikuuliza mara nne kwenye simu na hukunijibu. Unajua jina lake? Ameshawahi kukuona ukichoka? Atajua kwamba ukishusha mkono wa kulia ni begani panakuuma, wala si ujanja? Watu hao wanalipwa na promota, na promota analipwa na kijana wa kwao ambaye rekodi yake inatakiwa isiguswe. Wamekuita zikiwa zimebaki wiki 3. Mtu anayekuita wiki 3 kabla hakukuita ukashinde.

Lipo pambano moja nililokuambia tangu zamani, la Ali na Joe Frazier kule Manila mwaka 1975, na kila mara nililisimulia kwa ajili ya Ali. Safari hii nakuomba ulitazame kwa ajili ya Eddie Futch, mwalimu wa Frazier. Zilipomalizika raundi 14, Frazier alikuwa haoni tena, imebaki raundi 1, naye anaomba aachwe amalize. Futch alikataa. Mzee yule alikuwa amewahi kuwaona mabondia wakifia ulingoni, na hakutaka kuuongeza mwili mwingine juu ya hesabu hiyo. Nilikuwa nikimlaumu Futch. Nilisema kwa miaka mingi, nawe ukanisikia, kwamba alimwibia Frazier raundi yake. Sisemi hivyo tena.

Uliniambia kwamba mwalimu aliyekuacha upigwe raundi mbili nzima bila kurusha taulo kusimamisha pambano hafai kukusindikiza popote. Usiku ule sitausimulia, unaujua kuliko mimi. Ila uliyeketi kwenye kigoda ni wewe, macho yametazama mbele, na ya nyuma yako hukuyaona. Taulo alilitoa begani. Alikuwa amekwisha kuinua mkono. Mtu aliyekuwa nyuma ya kona alimshika kifundo cha mkono akamwambia, mwache kijana, imebaki kidogo, atamaliza. Mtu huyo hakuwa wa promota wala hakuwa wa upande wa mpinzani. Shati alilovaa usiku ule mama yako alilichana akalifanya tambara la kudekia, na wala hakusema neno. Mpaka leo kila unapoingia nyumbani mama yako hukutazama jicho la kushoto kwanza, kisha hunitazama mimi. Mwalimu wako hajawahi kukuambia, na namfahamu, hatakuambia.

Sikukatazi kwenda. Umeshinda mapambano 13 katika 14, na watu msikitini husimama kunipa mkono kwa ajili yako, nami huupokea kwa furaha ambayo sijui kuificha. Lakini umekuwa na kiburi cha kupokea simu ya mtu mzima ukiwa unatafuna, na hilo sikukulea nalo. Ule vizuri, upunguze uzito polepole, usijinyime maji siku mbili za mwisho kama ulivyofanya safari ile.

Fedha ulizotuma zimefika. Tumelipa ada ya mdogo wako muhula wote, na anasema anakushukuru, ingawa hesabu zake bado zinanitia wasiwasi. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Zilizobaki nilikusudia kununulia bati za upande wa jikoni, kwa sababu mvua za mwezi uliopita zilimfanya mama yako apike huku amejitanda khanga kichwani, na fundi alikwisha kuja kupima.

Jana baada ya Alasiri nilikwenda kwa mwalimu wako. Hakunilaumu. Alikuwa amekaa uani anakunja bendeji za vijana wapya, moja moja, akizinyoosha kwa kidole gumba kama anavyofanya. Nilimuuliza kama pasipoti yake bado inatumika, akaingia ndani akaileta, inaisha mwakani. Nikamuuliza kama angekwenda Ujerumani akiitwa na wewe mwenyewe, si na mimi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza pambano ni la raundi ngapi na glavu za aunsi ngapi, nami sikujua la kumjibu. Mpigie umwambie. Nauli yake nimekwisha kumwambia fundi kwamba bati zitangoja, na kama haitatosha nitauza mbuzi. Viza huchukua muda, kwa hiyo mpigie leo usiku, maana kesho anakwenda Pangani msibani na huko mtandao ni wa shida.

Ni mimi baba yako.