Kufuta tegi ya script hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaojenga tovuti ambazo wasomaji huandika humo wenyewe. Wengi hufuta tegi ya script, ile inayobeba msimbo wa kuendeshwa na kivinjari, kisha wakalala usingizi. Maandishi yakiingizwa kwa innerHTML, njia ya JavaScript ya kuweka HTML kwenye ukurasa, tegi hiyo haiendeshwi hata ukiiacha. Inayoumiza ni tegi ya img yenye anwani mbovu na onerror: picha ikishindwa kufunguka, msimbo wa mdukuzi unafanya kazi kwa jina la mtumiaji aliyeingia.

Kinachosahaulika zaidi ni style, sifa ya tegi inayobeba mitindo ya mwonekano (CSS). Oktoba 2005, mdukuzi Samy Kamkar aliupenya mtandao wa kijamii wa MySpace kupitia hapo hapo. Mtandao ule ulizuia neno "javascript". Yeye akalikata katikati kwa kuruka mstari, akalificha ndani ya url() ya mandharinyuma. Baadhi ya vivinjari vya wakati ule vililiunganisha na kulitii. Ndani ya saa 20 hivi, akaunti zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeambukizwa.

Vivinjari vya leo haviendeshi msimbo kutoka kwenye mtindo. Hata hivyo, position:fixed na opacity:0 bado hutandaza kiungo kisichoonekana juu ya ukurasa mzima: msomaji anabofya kitufe chako, anaangukia kwa tapeli. Na background:url() humpelekea mwenye seva ya nje anwani ya IP ya kila anayefungua ukurasa.

Kwa hiyo orodhesha vinavyoruhusiwa, si vinavyokatazwa. DOMPurify, maktaba ya JavaScript ya kusafisha HTML, husafisha tegi na onerror vizuri sana, ila usipoielekeza huiacha style ipite bila kukagua kilichomo. Ikataze kwa mpangilio wake wa FORBID_ATTR. Kama unachotaka ni rangi tu, ihifadhi kando, hakikisha ni alama ya # na tarakimu sita za heksi (0–9 na a–f), ndipo uiweke kwa el.style.color. Njia hiyo hupita hata Content-Security-Policy, yaani kanuni za usalama ambazo tovuti huipa kivinjari, ikiwa na style-src 'self', wakati setAttribute ya style huzuiwa. Wakigonga kizuizi hicho, wengi hukimbilia 'unsafe-inline', inayoruhusu mitindo yoyote iliyoandikwa ndani ya ukurasa, na ulinzi wa mitindo umekwisha. Tafadhali msifanye hivyo.

Usafishaji uwe hatua ya mwisho kabla ya kuonyesha. Ukiunganisha au kubadili maandishi baadaye, safisha upya.

Barua pepe zenye mitindo mingi ziwekwe ndani ya iframe (ukurasa ndani ya ukurasa) yenye sandbox (kizuizi cha uwezo wake), bila allow-scripts, ruhusa ya kuendesha msimbo. Ukiweka allow-scripts pamoja na allow-same-origin, ruhusa ya kuuhesabu ukurasa wa ndani kuwa wa tovuti ulikotoka, kwa maudhui ya tovuti yako mwenyewe, ukurasa wa ndani unaweza kuiondoa sandbox yenyewe.

Mjenzi wa tovuti,
Dar es Salaam