Kidole cha Tabibu

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwako tu tangu uliponiambia wale wa mashindano wamekurudishia picha yako bila hata neno. Nilitaka kukupigia simu, nikaona nitalia mimi kabla yako. Bora niandike.

Ile picha uliyonitumia ya David, yule mchoraji Mfaransa wa karne ya kumi na nane, nimeitazama zamu nzima. Unaniuliza kama muuguzi: huyu kijana kitandani anaumwa nini? Jibu lipo kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale. Antiochus, mwana wa mfalme Seleucus, amekonda, hali, na hasemi kinachomsumbua. Tabibu Erasistratus akawa anashinda chumbani, anamsoma uso kila mtu anapoingia. Wakiingia wengine, kijana ametulia. Akiingia Stratonice, mama yake wa kambo, uso unamwiva, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Basi, ugonjwa umejulikana bila maabara. Nami nakubali, maana wodini nimewahi kushika mkono wa mgonjwa nikasikia mapigo yanabadilika kwa sababu tu fulani katokea mlangoni.

Ila David kanikera. Tabibu wake anamnyooshea Stratonice kidole, mfalme yupo palepale! Siri ya mgonjwa iko wapi? Yule wa Plutarch alikuwa mjanja zaidi. Alimwambia mfalme, mwanao kampenda mke wangu. Mfalme akambembeleza amwachie. Tabibu akamuuliza: je, mwanao angempenda Stratonice, wewe ungemwachia? Mfalme akasema laiti ingekuwa hivyo, angetoa hata ufalme. Hapo ndipo akaambiwa, na mke akamwachia kweli. Labda namwonea David. Mazungumzo hayachoreki, kidole kinachoreka. Wewe ndiye fundi, utanisahihisha.

Nilipotafuta habari za David ndipo usingizi uliponiruka kabisa. Picha hii ndiyo iliyompa tuzo ya Rome mwaka 1774, ile ambayo mshindi alipelekwa Rome kusoma kwa gharama ya mfalme wa Ufaransa. Ilikuwa mara yake ya nne kujaribu! Mwaka 1771 alipata nafasi ya pili. Mwaka 1772 akachora miungu Apollo na Diana wakiwamiminia mishale watoto wa Niobe, yule mama wa hekaya za Kigiriki, akakosa. Inasimuliwa kwamba alijifungia chumbani, akagoma kula, anangoja kufa, mpaka mchoraji mwenzake mkubwa, Doyen, alipokwenda kumsihi mlangoni. Mwaka 1773 akachora kifo cha Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, akakosa tena, tuzo ikaenda kwa mchoraji mwingine, Peyron.

Sasa Zuhura, nimekujua tangu darasa la tatu, na najua ukikasirika huli. Kwa hiyo nakuuliza hapa kwenye karatasi na unijibu: umekula?

Nimeziweka mbili pamoja kwenye simu, ya Niobe na ya Antiochus. Kwa macho yangu yasiyosomea uchoraji, ya Antiochus imetulia, imepangika, kama mtoto aliyevalishwa kwenda kusalimia wakubwa. Naona alishajua waamuzi wanataka nini. Ile ya Niobe ni fujo, mishale na maiti kila pembe, lakini ndiyo niliyoirudia. Na usidhani ilitupwa: leo iko kwenye jumba la sanaa la Dallas, Marekani, watu wanalipa nauli kwenda kuiona. Iliyoshinda imebaki kwenye chuo cha sanaa Paris.

Basi ile yako ya wavuvi wanaogombea ngalawa usithubutu kuipaka rangi nyingine juu. Nakujua, turubai ni ghali na hasira ni nyingi. Nimeshabadilishana zamu, Ijumaa napanda basi la asubuhi kuja Bagamoyo. Nataka niione kabla hujaigusa, na ukuta wangu wa sebuleni nimeshaupima.

Mama anakusalimu. Ameniambia nikubebee machungwa ya Muheza, nami nitasimama hapo mpaka uyale.

Wako,
Mwanaisha