Kikao cha Jumamosi: saa imebadilika

Wapendwa, habari za jioni.

Jumamosi tutaanza saa 5:15 asubuhi, si saa 4 tena. Mwenyeji wetu yuko Kathmandu, na Nepal wametutangulia kwa saa 2 na dakika 45. (Hizo 45 ndizo zilizotuponza mara ya mwisho!) Kwake itakuwa saa 8 mchana.

Tutasikiliza sauti alizorekodi kwa wazee wa Langtang, kijiji kilichofukiwa na theluji na mawe katika tetemeko la 25 Aprili 2015. Bibi mmoja anasimulia Losar, mwaka mpya wao, huku akisukasuka chai ya siagi na chumvi. Mchi unagonga chombo cha mbao, maneno mengine yanamezwa. Mimi naona tusiukate mlio huo.

Naomba:
1. Mchango wa mfasiri, shilingi 5,000, umfikie mhazini kabla ya Alhamisi jioni.
2. Sauti zisitoke humu. Wazee wameturuhusu sisi tu.
3. Mwenye spika nzuri aseme, ya kwangu inakwaruza.

Andikeni "nipo" au "sipo" hapa hapa, leo tafadhali. Kiungo nitakituma Ijumaa usiku.