Barua kwa Shangazi: Majina Uliyoniuliza Desemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba baridi ya Julai haijakusumbua miguu kama ilivyofanya mwaka jana. Huku Arusha hatujaliona jua tangu Jumatatu, nami nimeona niutumie ukungu huu kulipa deni ambalo nimekuwa nalo tangu Desemba.

Utakumbuka kwamba wakati wa sikukuu nilikuja Moshi na kompyuta yangu, nikaiunganisha na runinga yako, tukatazama vipindi vya tamthilia mbili za Kimarekani kwa siku nne mfululizo, wewe ukimenya ndizi na mimi nikikutafsiria. Kila mhusika mkuu alipofungua mdomo, mimi nami nilifungua wangu, nikikimbizana na maneno yake mpaka koo likakauka. Lakini zilikuwapo nyakati uliponinyamazisha kwa kiganja na kusema, "Huyu usinitafsirie, namwelewa." Kisha ukauliza jina lake. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba silikumbuki. Mara ya pili nikasema ni mtu wa pembeni tu, asikuumize kichwa. Na mara ya tatu nilikuwa nimeshabonyeza rimoti, kwa hiyo majina yalipoanza kupanda kwenye kioo sisi tulikuwa tumehamia kwenye taarifa ya habari. Nilikukosea, na niliwakosea wao pia.

Mwanamke uliyemuulizia kwanza anaitwa Rhea Seehorn. Ndiye yule wakili mwenye nywele alizozifunga kisogoni, Kim Wexler, katika Better Call Saul, tamthilia iliyorushwa kwa misimu sita kuanzia mwaka 2015 hadi 2022. Jina la tamthilia ni la mwanamume, na mwanamume huyo ndiye mwenye maneno: anabembeleza, anaapa, anadanganya, anajitetea, na kabla hujamaliza kumhurumia ameshadanganya tena. Kim hukaa mkabala naye akisikiliza. Ukitaka kujua uongo ule umeingia kwa kina gani, humtazami anayeusema. Unalitazama taya la Kim, unautazama mkono wake uliosimama juu ya kikombe, unatazama namna anavyochelewa kidogo tu kabla ya kutabasamu.

Nakumbuka vizuri ile sehemu ya karibu na mwisho, picha ikiwa imegeuka kuwa nyeusi na nyeupe, ambapo amekaa katika basi dogo la uwanja wa ndege katikati ya abiria wasiomjua. Mwanzoni anajizuia. Midomo inakazwa, macho yanaangalia mbele kama ya mtu anayesoma kibao cha barabarani, kisha kitu kinapasuka kifuani na analia kilio cha mtu aliyekiahirisha kwa miaka. Abiria mmoja anamwekea mkono. Hakuna anayesema neno, na mimi sikuwa na la kutafsiri. Kisu chako kilibaki hewani, ganda la ndizi likining'inia, nawe ukasema polepole, "Pole, mwanangu," kana kwamba angekusikia. Tamthilia ile iliteuliwa mara 53 kuwania Tuzo za Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani, na haikupata hata moja. Seehorn mwenyewe hakuteuliwa kwa kazi hiyo mpaka mwaka 2022, alipokuwa amemaliza karibu yote aliyokuwa nayo ya kutuonyesha.

Wa pili ni yule mpelelezi mwenye miwani anayetengeneza samani ndogo ndogo za nyumba za wanasesere. Jina lake ni Clarke Peters, mzaliwa wa New York ambaye alihamia London miaka ya 1970 na kufanya kazi jukwaani huko muda mrefu. Tamthilia yenyewe ni The Wire, iliyorushwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2008, vipindi 60 vinavyoufuatilia mji wa Baltimore kuanzia vijana wauza dawa za kulevya kwenye kona za mitaa hadi ofisi ya meya. Nayo haikupata Emmy hata moja.

Anaingia kwenye hadithi akiwa mtu ambaye wakubwa wake walikwisha kumtupa. Walimwondoa kwenye upelelezi wa mauaji wakamweka miaka 13 na miezi minne katika kitengo cha kufuatilia mali zilizowekwa rehani, na sasa ameletwa kwenye kikosi kipya kwa sababu tu hakuna aliyemtaka. Katika vipindi vya mwanzo karibu hasemi kitu. Wenzake wanabishana, wanapigiana kelele, naye yuko kwenye meza yake akishughulika na kiti kisichozidi urefu wa kidole. Mimi, nakiri, nilikuwa namsubiri apite ili hadithi iendelee. Wewe ulisogeza kigoda karibu na runinga ukasema, "Mikono hiyo ni ya baba."

Ni kweli kabisa, Shangazi, na miaka yote niliyoitazama tamthilia ile sikuwa nimeliona. Babu, katika karakana yake ya Majengo, alipomaliza kupiga msasa hakuwa akikitazama kiti. Alipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, macho yakiwa nje barabarani, na kama kulikuwa na mahali pamebaki na ukwaru kidole kilisimama penyewe. Clarke Peters anafanya jambo la namna hiyo. Anagusa mbao huku masikio yakiwa kwa wenzake, na mtazamaji anayejua mafundi anatambua kwamba mtu huyu hajalala, anasikiliza. Ndiyo maana hukushangaa hata kidogo wakati kikosi kizima kilipokosa picha ya yule mkuu wa wauza dawa, naye akanyanyuka kimya kimya, akaenda kwenye ukumbi wa ndondi, akarudi na bango la zamani lenye sura ya kijana huyo enzi alipokuwa bondia. Mimi nilipiga makofi. Wewe ulisema tu, "Si nilikwambia."

Yule mrefu mwembamba anayesimama wima kama mlingoti, mkuu wa kikosi, ni Lance Reddick. Alifariki Machi 2023 akiwa na miaka 60, na wengi walianza kumsifu wiki hiyo.

Nimejiuliza kwa nini jicho lako liliwaona watu hawa watatu na langu likawapita, ilhali mimi ndiye ninayekielewa Kiingereza. Nadhani kukielewa ndiko kulikoniponza. Anayeyafuata maneno hubebwa na mwenye maneno mengi, na mwenye maneno mengi ndiye anayewekwa kwenye bango na kupewa tuzo. Wewe ulikuwa huna maneno ya kukubeba, kwa hiyo ulizitazama sura, na sura iliyofanya kazi nzito zaidi mara nyingi ilikuwa ya yule anayesikiliza. Kusikiliza mbele ya kamera ni kazi ngumu: mwigizaji ameyasikia maneno hayo katika mazoezi na katika kila marudio ya upigaji picha, na bado anatakiwa ayapokee kama anayasikia leo.

Hata kwetu mambo hayako mbali na hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi la maigizo la Kaole lilipokuwa likirushwa na ITV na watoto wa majirani wakijaa sakafuni kwako mpaka mlangoni, tulitoka pale tukiwa na majina ya Kanumba, Ray na Johari, nao wanastahili kila sifa waliyopata. Lakini nani alishika jina la mama aliyefungua mlango akaambiwa mwanawe amefariki? Nani alimkumbuka mlinzi wa geti aliyeona kila kitu na kuulizwa mwishoni? Tulisema tu "yule mama" na "yule mlinzi", na kesho yake shuleni tukaigiza sehemu za nyota.

Tena wapo ambao hata sura zao hatukuziona. Mwaka 2011 TBC walirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, nawe ulikuwa huendi hata kwenye kikao cha vikoba wakati wake. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Sura ya Doudou ilikuwa ya mwigizaji Hai Qing, lakini kicheko kilichokuchekesha wewe, na namna ya kumjibu mama mkwe kwa heshima huku umekasirika, vilitoka kwa mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekaa studio akivipima vipande vya Kiswahili viingie katika mdomo unaosema Kichina. Ukitafsiri neno kwa neno mdomo unafunga kabla ya sentensi kuisha; lazima utafute neno fupi lenye uzito uleule, na ulitoe ukiwa na hasira au machozi ya mtu mwingine. Mimi niliyeshindwa kukutafsiria siku nne bila kupoteza sauti naweza kushuhudia ugumu wake.

Sasa nina ombi. Mama aliniambia kwenye simu kwamba katika tamthilia unayoifuata siku hizi saa tatu usiku yupo mzee anayeuza kahawa nje ya baa, ambaye katika wiki nzima alipewa sentensi mbili, na kwamba wewe humruhusu mtu kuongea sebuleni anapotokea. Jana nilimtazama. Mteja tajiri aliondoka bila kulipa, naye mzee akakiinua kikombe, akatazama ndani kama kuna kilichobaki, akakisuuza, akakirudisha mahali pake. Majina yalipita mbio, nikaambulia herufi ya kwanza tu. Kesho wewe shika rimoti, uwe na kalamu karibu, na ukilipata jina lake nitumie hata usiku.

Mtoto wa kaka yako,
Arusha