Achari ya embe, na ile chupa ya vuli

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Sisi wazima, ila baba yako goti linamsumbua kwa mvua hizi, ubishi hajaacha. Ujumbe wako nimeupata. Unasema mume wangu amefunga shule, anashinda kwenye simu, na sokoni Dodoma maembe mabichi yamejaa, sasa unataka nikufundishe achari mpate la kufanya. Nimecheka peke yangu. Miaka 6 anayo huyo bwana, na wewe wa umri huo nilikuwa nakufukuza jikoni.

Nunua maembe 10, magumu, ya kijani ndani nje. Yaoshe, yafute maji, kata na maganda yake vipande vya kidole. Kisu ni chako. Yeye mpe bakuli, vijiko 4 vya chumvi na kimoja cha manjano, avuruge kwa mikono mpaka viganja viwe kama vya mwari anayesingwa. Mvue shati kwanza, manjano hayatoki.

Yalaze usiku mmoja, chumvi iyavute maji. Asubuhi chuja, anika kwenye ungo. Jua la huko ni kavu, huenda siku moja ikatosha. Hapa kwetu wakati wa vuli hata siku tatu hazitoshi. Kugeuza vipande na kufukuza kuku, mwachie yeye.

Atachoka upesi, basi tengenezeni kishada cha kurusha hapo hapo uani. Minazi hamna, lakini fagio la chelewa linauzwa kila genge. Chomoa mbili ngumu, zifunge msalaba kwa uzi, zungusha uzi kwenye ncha zote nne, bandika gazeti. Gundi msinunue: vijiko 2 vya unga wa ngano, kikombe cha maji, koroga motoni mpaka iwe uji mzito. (Wewe ulikuwa unailamba. Nilidhani sina chakula cha kukutosha.) Mkia ni vipande vya kanga kuukuu. Kikizunguka kama kichaa hewani, ongeza mkia. Kikigoma kupaa, punguza.

Tena achari. Twanga haradali, uwatu kidogo tu maana ukizidi ni uchungu, kitunguu thomu na tangawizi. Pilipili usimwachie, atajipangusa macho. Kaanga viungo kwenye mafuta, epua, vikishapoa mimina siki nusu kikombe na maembe, changanya.

Sasa chupa, na hapa nina deni kwako. Ulipokuwa darasa la pili, chupa nzima iliota ukungu mweupe juu, nikakuchapa fimbo mbili kwa kuwa nilikukuta kabatini na kijiko mkononi. Ulilia ukasema hujachovya. Mwanangu, chupa ile niliiosha mimi asubuhi, mvua ikashuka kabla haijakauka, nikaifunga ina matone shingoni. Niliyaona. Na mafuta nilibana, yalikuwa ghali siku zile, vipande vya juu vikabaki wazi. Jioni ile ile, kabla hujalala, nilishajua. Nikanyamaza, kwa sababu nyumba niliyolelewa mama hakuwa anamwomba radhi mtoto. Tangu hapo msimu wa achari ukifika ulikuwa unakwenda kwa jirani, nami nikawaambia watu huyu wangu hapendi jiko. Nisamehe.

Kwa hiyo chupa ichemshe dakika 10, iinamishe juani ikauke hata ukiingiza kidole usione unyevu. Ukishajaza, shindilia vipande, mafuta yapande juu yake kidole kizima. Kijiko kiwe kikavu siku zote.

Uji uliobaki wa kishada utabandikia karatasi kwenye chupa. Mwache aandike mwenyewe. Akiandika ACHALI, kama anavyotamka, usimsahihishe. Mimi nitasoma hivyo hivyo.

Kaeni wiki mbili ndipo mfungue. Moja nitumie kwa basi, uizungushie kanga vizuri mafuta yasije yakamwagikia mizigo ya watu. Na ukungu ukiota, nipigie mimi kwanza.

Mama yako